Katuni ya Nguchiro na Siku Niliyomchagua Shosho

Mwalimu wa binti yangu aliniita shuleni kunieleza kwamba mtoto ana pupa. Kabla hajafika mwisho wa sentensi nilikuwa nimeshamjibu kwamba haiwezekani, kwetu hakuna mtu wa pupa, labda ananichanganya na mzazi mwingine. Mwalimu akaniangalia juu ya miwani yake, akasema, "Baba, ningemaliza kwanza." Nikamwacha amalize. Mtoto anajibu maswali kabla hayajaulizwa. Tena juzi alimzungusha mwenzake wakabadilishana vitafunio, na mwenzake alipofungua karatasi akakuta ganda la ndizi, limekunjwa vizuri kabisa. "Pupa na ujanja," akasema mwalimu. "Vikikaa pamoja kwa mtoto mdogo hivi, mzazi ana kazi."

Nilitoka pale nimenuna. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Mwiki, kwenye kibanda kilichoshikana na nyumba yetu. Kati ya cherehani na sebule kuna pazia tu. Mamake mtoto alifariki huyu akiwa hata hajaanza nasari, na tangu hapo tukawa wawili, mimi na yeye, tukipikiana chai na kugombania rimoti. Mtu kuniambia nimelea vibaya ni kama kunikanyaga kidonda. Lakini njiani nikapata jibu, na mimi jibu likishanijia huwa silichunguzi. Kila Jumamosi asubuhi kulikuwa na katuni aliyoipenda sana. Nikaamua hiyo katuni ndiyo itakayomfunza.

Ilikuwa ya nguchiro mmoja mwenye kofia nyekundu, na kunguru aliyevaa tai. Nguchiro akiona kitu anakitaka sasa hivi, haulizi ni cha nani wala kimetoka wapi. Kunguru naye kazi yake ni kumtegea. Jumamosi hiyo kunguru alipita akitangaza kwamba nyuma ya mlima kuna foleni, watu wanagawiwa asali. Ala! Nguchiro akaruka mto, akaruka ua wa watu, akasukuma sungura, akamkanyaga kobe, akafika mbele kabisa mikono ameikinga. Kumbe ni foleni ya chanjo. Sindano yenyewe ilikuwa ndefu kumshinda daktari. Binti yangu alicheka mpaka akateleza kwenye kochi akaketi sakafuni.

Nikazima sauti. "Haya. Tumejifunza nini?"

"Kunguru ana akili," akasema.

"Hapana! Tumejifunza haraka haraka haina baraka."

"Lakini Dadi, hata angekuwa na haraka, si angeuliza tu? Angemwuliza kobe, 'Hii laini ni ya nini?' Kobe alikuwa hapo tangu asubuhi."

Nikamwambia kuuliza pia ni sehemu ya kutokuwa na haraka, kwa hivyo nilichosema mimi bado ndicho sahihi. Akaniangalia kwa huruma. "Washa sauti, Dadi. Umetukatia."

Wiki chache baadaye nilishuka Ruiru mjini kununua zipu na nyuzi. Kijana mmoja nadhifu akanijia na boksi, waya umetokeza pembeni. "Mzee, pasi ya umeme, mpya. Nauza haraka kabla mwenyewe hajarudi." Mtu mwenye akili zake angesikia hayo maneno ya mwisho akatoka mbio. Mimi nilisikia "pasi". Nilirudi nyumbani nikitembea kifua mbele, nikaweka boksi mezani, nikamwita binti yangu aone vile babake anajua kununua. Ndani kulikuwa na nusu ya tofali, limefungwa kwa gazeti vizuri kuliko ninavyofunga sare za wateja wangu. Waya ulikuwa wa kweli, hilo sitamnyima yule kijana.

Mtoto akalizunguka tofali polepole. "Dadi, ulifungua kabla ya kununua?"

"Alikuwa na haraka."

"Yeye ama wewe?"

Nikamwambia aende akafanye homuwaki. Ilikuwa likizo.

Sasa, huyo ndiye mtu aliyejitwika kazi ya kufunza wengine. Na wakati huohuo alikuwa ameanza kutafuta mke.

Mwanamke mwenyewe alikuja kibandani akiwa amemtembelea dada yake hapa jirani. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha juisi, kule Eneo la Viwanda Thika, na alitaka koti jeupe la kazi. Mimi simpimi mteja kwa tepu. Humwangalia mabega mara moja, nikakata. Watoto wa Mwiki nimewashonea hivyo, na mzazi akilalamika kwamba nguo ni kubwa humwambia mtoto atakua ajae ndani. Bahati mbaya huyu mama alikuwa ameshamaliza kukua. Alirudi na koti lake mikono imeishia karibu na viwiko, akanyoosha mikono mbele ya wateja, akauliza kama hiyo ni koti ama ni kizibao. Nikamwambia kitambaa hurudi kikifuliwa.

"Sijakifua," akasema.

Wateja walicheka, na yeye akacheka, na mimi badala ya kukasirika nikajikuta nataka acheke tena. Alipokuja tena kuchukua koti lililorekebishwa nikamwambia nataka kumwoa. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa na pini mdomoni. "Toa pini kwanza," akasema. Nikatoa, nikarudia maneno, kwa sauti iliyovuka pazia. Hakucheka. Akakunja koti lake taratibu, akaniuliza, "Na mtoto anasema aje?"

Haki ya Mungu, sikuwa nimemwuliza.

Nilipomwuliza, mtoto alisema ni sawa. Alisema "ni sawa" vile mtu husema kwa daktari wa meno. Miezi ikapita, yule mama akawa anakuja siku zake za kupumzika, na binti yangu akimpokea vizuri sana. Shida ilikuwa hapo. "Habari ya asubuhi, Anti. Asante, Anti. Nimeshiba, Anti." Mtoto huyu hajashiba tangu azaliwe! Chapati ya moto inakuja, imefungwa kwa kitambaa, yeye ameshiba. Mukimo, ameshiba. Halafu mgeni akishaondoka namkuta jikoni anakwangua sufuria ya ugali wa jana.

Siku moja yule mama aliniambia nimsindikize mpaka stendi, na tulipofika akasimama. "Mimi nakupenda," akasema, "na wewe wajua. Lakini nilikulia katika nyumba ya mama wa kambo ambaye alinivumilia tu, nami nikamvumilia. Hakuna aliyemtukana mwenzake hata siku moja, na ilikuwa nyumba baridi. Siwezi kuingia kwako nikawe mtu wa kuvumiliwa. Mtoto wako asiponitaka mwenyewe, kwa moyo wake, tuachane vizuri. Na usimlazimishe. Wala usimnunue."

Niliogopa siku hiyo, acha niseme ukweli. Nilikuwa nimezoea vitu kuharibika kwa sababu nimekimbia. Hiki kilikuwa kinaharibika na hakuna mahali ningeweza kukimbilia.

Kwa hivyo nikajaribu ujanja. Yule mama aliniachia chapati, mimi nikamwambia binti yangu zimeletwa na jirani. Akala ya kwanza yote. Alikuwa katikati ya ile ya pili, na mimi nimeshaanza kujipongeza, alipoinua kifuniko cha bakuli akakiangalia. "Mbona jirani ana bakuli ya Anti?" Nikasema labda waliazimana. Akaweka chapati chini. "Dadi, hiyo ni ya kunguru," akasema, akaenda kulala mchana kweupe. Niliona aibu, nikamalizia hizo chapati peke yangu kwa hasira.

Baada ya hapo nilijiondoa kidogo, si kwa busara bali kwa sababu nilikuwa na sare za shule nzima za kushona kabla ya kufungua. Jumamosi yule mama akija nawaacha sebuleni na katuni yao. Nilikuwa nimemwelekeza asimamishe kila baada ya muda aeleze mafunzo. Hakusimamisha hata mara moja, nikasikitika, nikaona huyu mtu mzuri lakini kulea hajui. Nikiwa kwenye cherehani nasikia kicheko nyuma ya pazia. Nikifungua pazia kuona kunani, kimya. Wote wawili macho kwenye tivii. Nikajua basi, mtoto anamcheka mgeni. Nikamwambia yule mama nitamchapa. Akanijia juu, "Utamchapia nini? Rudi kwa cherehani yako."

"Kwani amekuambia chochote?"

"Tunaangalia katuni," akasema.

Wakati huo wazee walikuwa wameshapanga siku ya ruracio, siku ya kupeleka mahari, na wazee wa kwetu wakishapanga siku wamepanga. Yule mama akanipigia simu. "Baba ameshaita watu, kwa hivyo njoo. Lakini kuhamia kwako bado ni vile nilisema." Nikawa bwana harusi anayeenda kupeleka mahari ya mke ambaye pengine atabaki kwao. Mjomba wangu, mzee aliyekuwa asemee upande wetu, nilipomweleza akasema hajawahi kusikia jambo kama hilo, na akaniuliza kama ni mimi niliyenunua tofali.

Kwao ni shambani, ukipita mji wa Thika upande wa mashariki. Kwa asiyejua desturi zetu: siku hiyo bibi harusi hafichwi chumbani tu, anafichwa mbele ya macho yako. Wanawake wa kwao wanafunikwa leso kuanzia kichwani hadi chini, wanatoka wakicheza wamepangwa mstari, na mwanamume anatakiwa kumtambua wake. Akikosea anapigwa faini na kuchekwa, na kuchekwa kwenyewe hakuna mwisho. Mimi hilo halikunisumbua hata kidogo. Kwenye gari nikamwambia mjomba, "Mimi ni fundi. Yale mabega ningeyajua hata gizani. Na viatu nilimnunulia mwenyewe, vya bluu." Mjomba akasema haya. Binti yangu alikuwa katikati yetu, amevaa gauni jipya nililomshonea, anakula karanga. Hakuinua macho.

Tuliimbiwa langoni, tukafunguliwa, tukakaribishwa chini ya tenti. Mtoto akaomba kwenda msalani. Kisha chakula kikaja, na mimi chakula kikija sioni mengine. Wazee wakaingia ndani kuongea ya wazee, wakatoka wakitabasamu, na mshereheshaji akatangaza kwa kipaza sauti kwamba sasa tutaona kama kijana ana macho.

Wakatoka. Leso tupu, za kila rangi, zinayumba na wimbo. Mmoja mnene, mmoja mrefu, mmoja ameinamia bakora kama ajuza, na kule mwisho kifupi kimoja leso ikiburuta vumbi. Nikacheka ndani kwa ndani. Yule wa katikati alikuwa na mabega yale yale, na kwenye pindo la leso, ncha ya kiatu cha bluu. Mjomba akaninong'oneza, "Zunguka kwanza uwaone wote." Nilikuwa nimeshamshika mkono.

Leso ikainuliwa. Ngai! Alikuwa nyanyake bibi harusi, Shosho mwenyewe, meno ya mbele hana, mito miwili ya kochi imefungwa mabegani chini ya sweta, viatu vyangu vya bluu miguuni. Akanitazama kutoka juu hadi chini, bila haraka. "Haiya," akasema, "hata mimi sikutarajia. Lakini nimekubali. Twende nyumbani."

Vigelegele vilivyopigwa hapo nadhani vilisikika Thika mjini. Mjomba wangu, wa damu yangu, alikuwa ameinama anapiga goti lake kwa kiganja. Mshereheshaji akataja faini, leso mpya ya Shosho na soda za akina mama. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja uso unawaka, na kama ilivyo kawaida yangu nikiaibika, nikageuka kumtafuta binti yangu nione kama ameona. Kiti chake kilikuwa na maganda ya karanga tu.

Nikasema, sasa hata huyu amenikimbia, leo ya leo. Nikaangalia kwenye tenti, kwa watoto, kwa masufuria. Mshereheshaji anapiga kelele, "Kijana, chagua tena, jua linazama!" Nikageukia mstari, na macho yakanipeleka kwa kile kifupi cha mwisho. Nilikuwa nimedhani ni mtoto wa huko amewekwa kwa mzaha. Kilikuwa kinatetemeka kwa kicheko, na chini ya leso pindo la gauni limechungulia. Pindo lilikuwa limepinda. Upande mmoja juu, upande mmoja chini. Kazi yangu naijua.

Shangazi mmoja wa bibi harusi akaona nimeona, akashindwa kujizuia. "Tulimfukuza huyo!" akapaza sauti. "Tukamwambia wewe ni jasusi wa wageni, toka. Akagonga tena. Akatuambia, 'Mimi najua vile atafanya. Ataangalia mabega na viatu, na hatauliza mtu.' Tukamfungulia mlango!"

Watu wakaangua kicheko tena. Mimi sikucheka, wala sikukasirika. Nilikuwa nimeduwaa. Mtoto wangu ameniuza kwa wakwe. Ametoka kwenye kiti cha upande wetu, akaenda kugonga nyumba ya kufichia bibi harusi, akafukuzwa, akagonga tena. Hakuna aliyemtuma. Hakuna aliyemlazimisha wala kumnunua.

Nikaenda mpaka pale mwisho nikapiga magoti kwenye vumbi, na suti yangu, mbele ya kile kifupi. Sikushika mkono wa mtu. Nikauliza. "Bibie, samahani. Kati ya hawa wote, wangu ni yupi?"

Kicheko kikakatika chini ya leso. "Hatusemi," sauti ikajibu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni wetu."

Yule ajuza wa bakora, aliyekuwa kando yake tu, akaanza kutikisika. Nikadhani anacheka kama wengine. Bakora ikamponyoka ikaanguka mbele yangu, na chini ya leso ikatoka sauti ya mtu aliyejaribu kuzuia kilio kikamshinda.

Binti yangu akaivua leso yake kwa hasira, nywele zimesimama, uso jasho tupu. "Mama!" akafoka. "Si tulisema hakuna kulia!"

Wimbo ukakatika. Hata wale waliokuwa wakigawa soda wakasimama. Mtoto akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka, akaniangalia mimi. Kwetu nyumbani neno hilo halikuwa limetamkwa tangu tulipomzika mamake.

Yule mama akatupa leso chini, akapiga magoti na nguo yake nzuri, akamvuta mtoto kifuani, na mtoto akaenda. Watu wakaanza kunipigia kelele nisimame, nimshike mke wangu, nifanye haraka kabla hawajamficha tena. Nikaokota ile bakora, nikabaki palepale kwenye vumbi, nikawangoja wamalize.